Kamati ya Kutenganisha Pumzi

Kwa heshima na furaha isiyopimika, ninayo habari ya kuwatangazia wananchi wote wa Kanda ya Ziwa na Migomba. Sisi ndio watu wa kwanza duniani ambao mbuzi wetu hawatupumulii. Uganda bado. Ulaya ndiyo kabisa, wao wanalala na mbwa kitanda kimoja. Sisi tumemaliza.

Nayasema haya nikiwa Kaimu Msemaji wa Kamati ya Kutenganisha Pumzi, cheo nilichokipata baada ya msemaji mwenyewe kuitwa kazini Dodoma asubuhi na kuondoka mchana, hata chai hakumaliza. Naitwa Joyness. Nina diploma ya mawasiliano ya umma, nina kitambulisho chenye kamba ya bluu, na nina mchumba. Vyote vitatu vinahusika, ndiyo maana navitaja.

Mchumba anaitwa Avit, fundi wa sola, kwao kijiji cha Ijumbi. Mama yake, Ma Penina, ndiye aliyekuwa analisha mbuzi wa mahari yangu. Baba yangu, Ta Isaac, ni mtu wa kanisa, mpole, mwimbaji wa besi kwaya ya wazee, lakini upole wake unaishia kwenye mbuzi. Alishasema siku mbuzi wakikanyaga ua wake hapa Bukoba, harusi inapangwa. Wasipokanyaga, Avit ataendelea kuwa rafiki wa familia. Nyie, rafiki wa familia. Mtu nimeshamchagulia tai.

Sasa nirudi kwenye kazi ya umma.

Jambo lilianza na homa. Vijijini watu walikuwa wanachemka, wanatoka jasho la usiku, kichwa kinapasuka, wanapimwa malaria hawana, wanapewa dawa ya malaria, wanarudi vilevile. Ikaitishwa semina. Aliyekuja kutufundisha ni Dk. Safina, daktari wa mifugo, binti wa mjini hapahapa, baba yake anauza vitambaa sokoni. Alisema ugonjwa mmoja unaoshukiwa unaitwa homa ya Kyu. Mbuzi, kondoo au ng'ombe anaweza kuwa nao na asionekane mgonjwa, pengine aharibu mimba tu. Anapozaa, vijidudu vinatoka kwa wingi pamoja na kondo la nyuma na yale majimaji. Yakikauka yanakuwa vumbi. Vumbi linapanda hewani, mtu analivuta puani, na kumbe mbuzi mwenyewe hajamgusa wala hajamwona.

Alieleza vizuri, tulielewa wote. Bahati mbaya Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Ildefons Rwegasira, alikuwa nje anaongea na simu. Mheshimiwa ana shahada mbili, na ya tatu iko njiani tangu nikiwa sekondari. Aliingia wakati daktari anamalizia kwamba ugonjwa husafiri kwa hewa. Akakaa, akavua miwani, akasema amelielewa tatizo: tatizo ni kupumua.

"Siyo pumzi, Mheshimiwa," alisema Dk. Safina. "Ni vumbi la pale mnyama alipozalia."

"Daktari, vumbi linabebwa na nini?"

"Upepo."

"Na upepo ni nini?"

"Ni hewa, lakini—"

"Na mbuzi anatoa nini puani?"

Dk. Safina akamtazama. Nadhani alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Wajumbe mmesikia," alisema Mheshimiwa. "Mtaalamu hana pingamizi."

Na hivyo ndivyo Kamati ilivyozaliwa, siku ileile, kabla ya chakula, na Dk. Safina akaandikwa mjumbe bila kuulizwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuwavalisha mbuzi barakoa. Zoezi lilifanikiwa kuliko tulivyotarajia. Jioni nilitangaza redioni kwamba uzingatiaji umefika asilimia mia moja, maana barakoa zote zilikuwa ndani ya mbuzi.

Hatua ya pili ilikuwa Kamati Ndogo ya Upepo. Wenyeji wa hapa mnajua, mchana upepo unatoka ziwani kwenda bara, usiku unageuka. Kwa hiyo mbuzi walitakiwa kukaa magharibi mwa binadamu mchana, na mashariki mwa binadamu usiku. Katibu wetu, Bwana Byabato, akawa anazunguka vibanjani, kwenye migomba ya watu, na leso mkononi, anaiinua juu, anasubiri, halafu anaonyesha mbuzi pa kwenda. Watu wakawa wanashinda wanahamisha mbuzi. Mzee mmoja aliuliza afanyeje upepo ukitulia. Bwana Byabato alimwambia katika hali hiyo mbuzi asipumue kwa muda.

Wananchi wakachoka, na ndipo ikaja hatua ya tatu, ambayo ndiyo fahari yetu: Mpango wa Ukarimu. Agizo lilisema kwamba mtu na mbuzi wasikae ua mmoja, na wakikutwa ua mmoja, mmoja wao atakaribishwa na Kamati kwa muda usiojulikana. Hatukusema "kunyang'anya". Nililikataa neno hilo mimi mwenyewe, kitaalamu.

Nyumba ya kwanza ikachaguliwa kwa kura. Ikatoka Ijumbi. Nyumba ya Ma Penina.

Njiani nilijipa moyo. Nilijiambia huenda hayupo, huenda mbuzi wako malishoni, huenda gari litaharibika. Gari la Kamati huharibika kila safari. Siku hiyo lilipanda vilima kama limeokoka.

Ma Penina alikuwepo. Alikuwa ameambiwa wageni wakubwa wanakuja, akatandaza majani mapya sebuleni kama inavyotakiwa kwa mgeni wa heshima, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Tukavua viatu, tukakaa. Aliponiona nyuma ya Mheshimiwa alitabasamu.

"Karibuni waitu. Mkwe, na wewe umo?"

"Nimo, Mama. Nimekuja kikazi."

Mheshimiwa akatafuna kahawa, akasifia, akauliza mbuzi wanalala wapi. Ma Penina akasema jikoni, maana wezi siku hizi hawalali. Jiko lenyewe limeungana na nyumba. Mheshimiwa akainuka kwenda kuukagua ukuta.

"Huu ukuta wa miti una matundu?"

"Mheshimiwa, ukuta wa miti usio na matundu ni gogo."

Bwana Byabato akasema huo ni mchanganyiko wa pumzi wa daraja la kwanza. Kirikuu, kile kigari cha mizigo tulichokuja nacho, kikarudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni. Ma Penina alipoona kamba ndipo akaelewa. Alisema hao mbuzi si wake. Ni wa huyu binti, akaninyooshea mkono, na watu wote wa Kamati wakageuka kuniangalia.

Mheshimiwa akaniuliza kama ni kweli. Jamani, ningesema nini? Nilikuwa na kamba ya bluu shingoni. Nilisema Kamati haina upendeleo.

Avit alikuwa juu ya paa, anafunga waya. Alishuka taratibu. Alimbeba mbuzi mmoja mmoja na kumpandisha kwenye kirikuu kwa uangalifu, kama anayempandisha bibi yake kwenye basi. Wa mwisho alimwekea nyasi chini, kisha akaenda nyuma ya nyumba na hakutoka tena.

"Wana mimba hawa," alisema Ma Penina. "Wakizaa mtajua la kufanya?"

"Mama," alisema Mheshimiwa, "tumesoma."

Nililia kuanzia Ijumbi mpaka tunaingia lami. Mheshimiwa alidhani ni uzalendo, akanipa leso ya Kamati Ndogo ya Upepo.

Nyumbani Ta Isaac aliuliza habari za mbuzi. Nikamwambia wako ofisini. Alikunja gazeti, akanitazama kwa huruma ya kikristo.

"Basi ikuoe ofisi," alisema.

Avit hakupokea simu. Kesho yake pia. Ikabidi nitumie ujumbe nikimweleza kwamba mpango una tija kwa jamii. Akajibu, "Sawa, Msemaji." Msemaji. Mtu tumeshakubaliana majina ya watoto.

Kamati iliwakaribisha wageni wake kwenye stoo iliyo nyuma ya ukumbi wetu. Ni stoo nzuri, kavu, ina dirisha moja linalotazama ukumbini. Humo ndimo tulimohifadhi majani ya kutandaza. Kamati inajali mila. Kiongozi mkubwa akija hatumkanyagishi vigae vitupu kama mteja wa benki, tunamtandazia. Mbuzi nao waliyafurahia. Waliyalalia, na wakati wao ulipofika wakayazalia. Wawili walizaa vizuri. Mmoja aliharibu mimba. Mheshimiwa alikwenda kutazama watoto, akasema ni dalili ya matumaini, akampa mmoja jina lake.

Dk. Safina alipopata habari alikuja mbio, amevaa barakoa na glavu. Alitaka majani yote yachomwe, kondo na kile kilichoharibika vifukiwe shimo refu, sakafu imwagiwe maji yenye dawa kabla ya mtu kufagia. Mheshimiwa akamsikiliza kwa adabu. Akamwambia sherehe yetu, Siku ya Pumzi, imekaribia, na majani mengine wakati huu wa kiangazi hayapatikani.

"Yamelowa majimaji ya uzazi, Mheshimiwa."

"Yalikuwa yamelowa. Nimeyashika leo. Yamekauka vizuri sana."

Wakati anatoka, Dk. Safina alinivuta pembeni akaniambia siku hiyo nikae nje. Nikanuna. Nilidhani ananishusha cheo.

Sasa ngoja niwaeleze Siku ya Pumzi, maana sherehe kama ile hamjaiona. Wananchi waliletwa kutoka vijijini kwa mabasi, wakawekwa uwanjani, kwenye hewa ya wazi, kwa sababu pumzi zao zilikuwa zimechanganyika na haikufaa waingie ukumbini. Ndani walikaa viongozi peke yao. Madirisha ya upande wa wananchi yalifungwa ili hewa yao isipenye. Likaachwa wazi lile moja la stoo, kwa vile kule walikuwepo mbuzi wa serikali tu.

Majani yalitandazwa kwa protokali. Mbele, alipokaa Mheshimiwa, yalifika kwenye muundi. Kwa Katibu yalifika kifundoni. Kwa wakuu wa vitengo yalifunika kiatu. Makaimu, yaani mimi peke yangu, tulibaki na vigae, na nilipoona hivyo, kwa uchungu, nikaenda kusimama uwanjani na kipaza sauti kuwaeleza wananchi kinachoendelea ndani. Dk. Safina alikuwa huko nje tayari, amekaa kwenye benchi na akina mama, anakula karanga.

Nilichungulia mlangoni. Viongozi waliingia kwa kucheza, wakiyakanyaga yale majani kwa nguvu, kwa furaha, vumbi likapanda mpaka kwenye picha za ukutani. Kukawa na joto, feni zikawashwa. Kisha Mheshimiwa akasimama kutoa hotuba ambayo nilimwandikia mimi, na kilele chake kilikuwa pumzi ya kwanza safi katika historia ya kanda. Akaomba ukumbi mzima usimame, ufumbe macho, uvute hewa kwa pua, ndani kabisa, uishike. Halafu tena. Halafu tena, kwa ajili ya vizazi vijavyo. Bwana Byabato alipiga chafya ikasikika uwanjani. Nikawaambia wananchi hayo ni makofi.

Zikapita kama wiki mbili na ushee. Kisha homa ikaingia kazini.

Na ilikuja na adabu, sijapata kuona. Ilifuata protokali. Wa kwanza kuanguka alikuwa Mheshimiwa. Wa pili Katibu. Wakafuata wakuu wa vitengo, kitengo kwa kitengo. Nasema mapema kwamba hakuna aliyekufa, msije mkaanza kuchanga. Lakini walitetemeka, walitoka jasho, walikohoa, na Bwana Byabato alimwita muuguzi "mama" mbele ya wajumbe. Wakapewa dawa ya malaria. Wakarudia dawa ya malaria. Dk. Safina ndiye aliyewaomba madaktari wa watu wapeleke damu kupimwa kitu kingine, na majibu yakarudi: homa ya Kyu. Wakabadilishiwa dawa, wakaanza kupata nafuu.

Kule Ijumbi nako watu walipimwa, kwa kuwa ndiko mbuzi walikotoka. Ma Penina hakuwa na kitu. Watu wa mabasi hawakuwa na kitu. Mimi sikuwa na kitu. Mgonjwa ulimpata kwa kuangalia alikanyaga majani ya kina gani.

Nilikwenda kumwona Mheshimiwa wodini. Amekonda, miwani imekuwa mikubwa. Aliniagiza nitangaze kwamba yuko kwenye ziara ya mafunzo. Nikamuuliza mafunzo ya nini. Akafikiri, akasema ya hewa.

"Na mbuzi, Mheshimiwa?" nikamwambia. "Mbuzi wa Ma Penina. Wangu."

"Joyness mwanangu, hilo linahitaji kikao."

Nikatoka nje ya wodi nikiwa nimeudhika, mpaka kwenye ngazi, na hapo kwenye ngazi ndipo nilipokumbuka kwamba wajumbe wazima tumebaki wawili. Kanuni zetu zinasema wajumbe watakaokuwepo watatosha. Nikampigia Dk. Safina. Kikao kilifanyika kwenye mgahawa karibu na stendi, tukala ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, ajenda ikaisha kabla ya sahani.

Tuliamua majani yote yachomwe na stoo ioshwe kwa dawa, kwa maji, bila ufagio mkavu. Tuliamua mbuzi wapimwe, wakae chini ya uangalizi mpaka daktari aridhike, halafu waende walikokuwa wanakwenda. Tuliamua pia kila mwenye mbuzi asaidiwe kujenga banda mbali kidogo na nyumba, la kuzalia, lenye kufuli, maana tatizo la wezi ni la kweli. Mimi nikapendekeza tuwatangazie watu kwa maneno mafupi: mbuzi akizaa fukia, mwagia maji, funika pua. Dk. Safina akasema ndicho alichosema kwenye semina. Nikasema ndiyo, ila sasa kimepita kwenye kikao.

Avit ndiye aliyejenga banda la kwanza, la mama yake, na akaliwekea taa ya sola. Nilikwenda kulizindua. Hakuna aliyetandaza kitu. Nilimwambia samahani mbele ya mama yake, bila neno lolote la kitaalamu, na ilikuwa ngumu, sikujua mikono niiweke wapi. Aliwasha taa, akaizima, akauliza kama Kamati ina upendeleo sasa. Nikasema inao kidogo.

Mbuzi walipokanyaga ua wa Ta Isaac walikuwa na watoto wawili wa nyongeza, ambao hawakuwemo kwenye makubaliano. Baba alijitahidi asicheke. Alisema mambo ya harusi hayaharakishwi, kisha jioni hiyohiyo akaanza kuuliza bei ya hema.

Likabaki jambo moja la kiutawala. Mheshimiwa aliruhusiwa kutoka hospitali, na nyumbani kwake kuna mbuzi. Mkewe, Ma Violeth, anawafuga nyuma ya nyumba, wazuri, wanono, na Kamati haikuwahi kufika huko kwa sababu kura haikuwahi kupaangukia. Lakini agizo alilisaini mwenyewe: mtu na mbuzi wasikae ua mmoja. Nilimuuliza Dk. Safina. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kisayansi halina maana yoyote," alisema. "Kiutawala liko sawa kabisa."

Basi tukampeleka Mheshimiwa nyumbani kwa gari la Kamati. Ma Violeth alitupokea mlangoni. Nikamsomea agizo, nikamweleza kwamba mmoja kati ya mume na mbuzi itabidi akaribishwe na Kamati kwa muda usiojulikana, na kwamba uamuzi ni wa mwenye nyumba. Mheshimiwa alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wa dawa. Alitabasamu, kama mtu anayejua jibu.

Ma Violeth alilifikiria suala hilo kwa uzito unaostahili. Aliangalia nyuma ya nyumba. Alimwangalia mumewe.

"Huko stoo kuna anayepika?" aliuliza.

"Mlinzi anapika, Mama."

"Basi mchukueni yeye. Hapa nina mbuzi mwenye mimba."

Mheshimiwa alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Hapo alinigusa bega, akaniomba, kwa sauti ya chini kabisa, nitangaze kwamba amejitolea.

Kwa hiyo natangaza. Mheshimiwa Ildefons Rwegasira amejitolea.